Kindi na Huenda Yake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakipigiana hodi, Bi Kindi alifundishwa njia ya Wajaini, watu wa dini ya kutodhuru kiumbe chochote, na Korongo aliyekuja kutoka Bara Hindi.

"Roho asili yake ni nyepesi," Korongo alimwambia. "Ukidhuru, ukidanganya, tope linaigandama. Anayeijua kweli, akaiamini, akaitenda, huwa huru. Tena usijidai kujua yote. Sema 'huenda', maana kila jicho huona upande mmoja."

Kindi akaapa: hadhuru kiumbe, hasemi uongo. Wenzake wakamcheka, maana hata sisimizi aliwapisha kwa ufagio asije akawakanyaga!

Asubuhi moja, puu! Digidigi akaingia akihema.

"Nifiche, shoga yangu! Chui na Fisi wananifuata!"

Kindi akamfunika kwa tenga. Hata hajakaa sawa, ngo! ngo! ngo!

"Hodi!"

"Ka... karibuni."

Chui akajaa mlangoni. "Kindi, wewe husemi uongo. Digidigi yuko wapi?"

Moyo wa Kindi ukapiga du! du! du! Akisema kweli, jirani ataliwa. Akidanganya, kiapo kimevunjika. Mara tenga likatikisika, na Fisi akageuza shingo.

"Jamani," Kindi akasema haraka, "jua likifika hapa, Digidigi huenda bondeni."

"Kwi kwi kwi!" Fisi akacheka. "Hawa watu wa Korongo na huenda zao! Maana yake yuko bondeni. Twende!"

Wakatimka, vumbi tifu!

"Pitia uani, kimbia!" Kindi akamwambia Digidigi. Mwenzake hata kuaga hakuaga.

Haukupita muda, Chui akarudi ameinua kucha. "Mwongo! Hayupo!"

Kindi akajibu: "Bwana Chui, nilisema huenda. Kila siku huenda. Leo hakwenda. Aliyesema yuko ni nani?"

Chui akamgeukia Fisi.

"Mimi? Mimi nili..."

Pa! Kofi la shavu. Fisi huyoo, mkia katikati ya miguu, na Chui nyuma yake akitukana.

Kindi hakushangilia. Alijua moyoni kwamba, japo neno lake lilikuwa la kweli, alitaka Chui na Fisi wapotee. Siku hiyo akafunga kwa toba, hakula hata punje, kisha akaenda kumwomba Fisi radhi kwa lile kofi.

Basi, wanangu: elimu isiyomlinda jirani haimfungui hata mwenyewe.