Macho ya Nahodha wa Mazimwi

Hapo zamani, katika mji wa milimani ambao watu wake hawakuwahi kuiona bahari, vita vilipiganwa mezani. Kila mpiganaji alikuwa na jeshi la sanamu za madini ya risasi, kila moja ikiwa na kimo cha kidole gumba, naye alizipaka rangi kwa mkono wake. Nahodha alitiwa macho mwisho. Jeshi ambalo nahodha wake hakuwa na macho halikuingia mezani.

Mpiganaji mmoja, Hidaya, alichagua maharamia, tena maharamia mazimwi: meno yaliyopinda hadi puani, vilemba vyekundu, mapanga yenye kutu, huyu na mguu wa gongo, yule na ndoano badala ya mkono. Bahari hakuijua, akawabunia ya kwake. Chini ya miguu yao alipaka maji meusi.

Kaka yake, Kiondo, ndiye aliyeyeyusha risasi na kuwamimina. Ndiye pia aliyemletea rangi ya ngozi zao, kijani kikali ambacho mjini hakikuwapo. Bi Mwanamkuu ndiye aliyemfundisha kupaka. Alimfundisha kuchongoa ncha ya brashi kwa ulimi, kwa sababu jicho la zimwi ni dogo kuliko punje ya mtama. Mume wa Hidaya, Mbwana, ndiye aliyemshikilia kifundo cha mkono ulipoanza kutetemeka.

Maana ulianza kutetemeka. Nywele zikanyonyoka. Fizi zikatoka damu.

"Unanigeukia zimwi," Mbwana alimwambia, akimfuta midomo ya kijani.

"Afadhali. Zimwi hana mume wa kumfutafuta."

Alikufa yakiwa yamebaki macho ya nahodha tu.

Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: jeshi la marehemu hupewa mtu mmoja, naye humalizia kazi. Aliyechangia kifo hapewi. Asipopatikana wa kupewa, jeshi huyeyushwa. Bi Chausiku, mtunza meza, aliwaita wale watatu chungu kikiwa tayari motoni.

Kiondo akasema, "Niliwamimina mimi. Bila mimi dada yangu angepaka hewa."

"Na kijani chako je?" akauliza Bi Mwanamkuu. "Nzi walikuwa wakifa juu ya kifuniko cha kopo."

"Niliwaona. Nikadhani ni harufu. Lakini kopo halikumwingia mdomoni lenyewe, Bi Mwanamkuu. Nani alimfundisha kulamba brashi?"

"Mimi. Nami nimelamba tangu usichana, na meno yangu ni haya." Akayaonyesha. "Nilipoziona fizi zake nilimwambia atumie kitambaa. Sikurudia. Macho aliyopaka kwa ulimi yalikuwa mazuri mno. Sasa hapa hakuna mwingine awezaye kumpa nahodha macho kama ya wenzake. Mkimpa asiyejua, mtamharibia kazi yake yote."

Kiondo akamgeukia Mbwana.

"Na wewe, shemeji?" akamwuliza. "Wewe ndiye uliyekuwa naye ndani."

"Nilijua," Mbwana akasema. "Nililificha kopo. Akageukia ukuta. Hakula, hakuniita jina. Nikamrudishia. Akaomba uji, akaunywa wote, akanitania. Tangu hapo nilimshika mkono hadi alipoacha kupaka. Mimi sijui rangi. Lakini mkono wake ulipotembea, wangu ulikuwa juu yake. Ninajua ulivyokuwa ukienda."

"Ulimrudishia sumu," akasema Kiondo.

"Ndiyo. Uliyoileta wewe."

Bi Chausiku aliwanyamazisha. "Mmoja alileta, mmoja alifundisha, mmoja alirudisha. Nimesema kweli?"

"Kweli," wakajibu wote watatu.

Akamweka nahodha katikati ya meza. Uso wa kijani, meno yaliyopinda, kofia pana, na mahali pa macho bado ni peusi. Kando yake akaweka brashi yenye ncha, aliyoiacha Hidaya mwenyewe. Nyuma ya wale watatu risasi ilikuwa imekwisha kuyeyuka chunguni.

Nanyi mnaosikiliza, moto ungali unawaka, basi jibuni. Je, nani alistahili kumtia nahodha macho? Na kama mnasema hakuna, ni nani kati ya hao watatu ambaye mngemwamuru amtupe nahodha chunguni kwa mkono wake?