Nani Alilivunja Bunge la Ulambo?

Hapo zamani, si zamani sana maana suti zilikuwa zimeshaanza kuvaliwa, palikuwa na nchi iitwayo Ulambo. Ilikuwa na rais, Bwana Lukonge. Ilikuwa na Spika wa Bunge, Mzee Mikidadi. Na ilikuwa na wabunge waliovipenda viti vyao kuliko vitanda vyao. Miongoni mwao alikuwamo Siwema Kalole, mbunge wa chama tawala kutoka ng'ambo ya Mto Kisewe.

Mwaka huo mvua zilikuja kwa hasira, zikalibeba daraja la Kisewe. Watu wakawa wanavuka kwa kushikilia kamba. Nambua, wifi yake Siwema, alishikwa na uchungu mto umefurika na hospitali iko upande wa pili. Akajifungulia kwenye matope. Mtoto hakufika jioni.

Siwema akazika, akafuta machozi, akarudi bungeni. Akakuta bajeti ya serikali mezani. Akaipekua yote: daraja halimo. Vilivyomo ni viti vipya vya wabunge, vile vya kukanda mgongo.

"Na daraja, Mheshimiwa Waziri?" akauliza.

"Daraja lipo kwenye mchakato," akajibu Waziri wa Fedha, na upande wa chama tawala ukapiga meza kwa furaha.

Sasa, sheria ya Ulambo ilikuwa hivi: Bunge huishi mpaka muhula wake uishe. Lakini likiikataa bajeti, basi Bunge na serikali wameshindwana, na rais anaruhusiwa kulivunja ili wapiga kura wachague upya, wabunge na rais pia. Rais hutia saini tangazo, Spika hulisoma ukumbini. Likishasomwa, hakuna mbunge tena. Kila mtu arudi kwao akaombe kura.

Kura zikapigwa kwa kuitwa majina. Za Ndiyo zikaja, za Hapana zikaja, zikawa sawasawa. Likabaki jina la Siwema. Kiongozi wa chama akamkazia macho. Siwema akamwona Nambua kwenye yale matope.

"Hapana!" akasema, na bajeti ikaanguka.

Ikulu, washauri wakamwendea Rais Lukonge. "Mzee, vunja sasa. Leo wananchi wanawalaumu wabunge. Ukingoja, watakulaumu wewe."

Rais akacheka, akaomba kalamu.

Tangazo lilipofika bungeni, wapinzani waliokuwa wakipiga kelele mwaka mzima "Bunge livunjwe!" wakakumbatiana na chama tawala. Mmoja akamnong'oneza Spika, "Mzee wetu, si useme tu miwani imepotea?"

Mzee Mikidadi akaivaa miwani yake. Hapo mbunge mwingine akaanzisha wimbo wa taifa, na wote wakasimama wima, mikono imenyooka. Kwa sheria ya Ulambo, kusema neno wimbo wa taifa ukiimbwa ni kosa la kifungo. Wimbo ukaisha, wakauanza tena. Ukaisha, wakauanza tena. Uzalendo wa namna ile haukuwahi kuonekana.

Na Siwema? Alikuwa katikati yao. Akawaza: chama hakitanipitisha tena, kesho nani ataniita Mheshimiwa? Kisha akajisikia anaimba. Aliimba kwa nguvu, machozi yakimtoka, asijue anamlilia nani.

Mzee Mikidadi akangoja mpaka miguu ikamuuma. Mwishowe akalisoma tangazo wimbo ukiendelea, neno kwa neno. Bunge likavunjika. Walinzi wakawafungulia waheshimiwa lango na kusahau kupiga saluti, na Mzee Mikidadi akapelekwa jela kwa kusema wimbo ukiimbwa.

Uchaguzi ukafanyika. Rais akarudi Ikulu kwa kishindo. Jina la Siwema likakatwa na chama chake, hakugombea. Bunge jipya, kwa kuogopa kuvunjwa kama lile la kwanza, likaharakisha kupitisha daraja, na daraja likajengwa.

Siku ya kulizindua, wana-Kisewe wakasema, "Daraja hili lipewe jina la yule aliyelivunja Bunge." Wakasimama watu watatu, Mzee Mikidadi akiwa ameshatoka jela.

"Ni mimi," akasema Siwema. "Bila Hapana yangu, rais angelivunja kwa sheria gani? Na kiti nimekikosa."

"Hapana yako, mama, ilikuwa sauti tu," akasema Rais. "Ningeweza kuagiza bajeti nyingine, mkaendelea kukaa. Kalamu ilikuwa yangu. Halafu nasikia uliimba."

Siwema akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa Rais," akadakia Mzee Mikidadi, "wewe ulivunja ili ushinde, na umeshinda. Umeshalipwa. Nisingelisoma, tangazo lako lingefungiwa maandazi. Aliyelala jela ni mimi."

"Kweli, Mzee," akasema Rais. "Lakini ulikuwa umeshatangaza kustaafu. Ungekuwa na kiti cha kupoteza, ile miwani ungeiona?"

Mzee akaivua miwani, akaipangusa kwa shati.

Wana-Kisewe wakagawanyika. Kelele zilipozidi, wakamkabidhi Nambua brashi na kopo la rangi, aandike jina yeye. Nambua akamgeukia Siwema.

"Wifi, ni kweli uliimba?"

"Niliimba, wifi. Lakini Hapana niliitamka kwanza."

Nambua akamtazama Siwema, akamtazama Rais, akamtazama Mzee Mikidadi. Brashi ikaanza kudondosha rangi juu ya kanga yake.

Haya, mliokaa kitako mkinisikiliza, msaidieni Nambua: je, nani alistahili?