Mgeni Aliyengoja Kusindikizwa

Paukwa!

Pakawa!

Aliyekaa upande wa moshi na asogee. Amesogea? Basi tazameni, moshi nao umesogea. Hili ni fumbo nililo nalo tangu utotoni na sijalifumbua mpaka leo: ukihamia upande huu wa moto, moshi unakufuata. Bibi yangu alisema unamfuata mwenye sura nzuri. Babu alisema unamfuata aliyemaliza nyama. Mimi umenifuata miaka mingi, nyama sikuipata, na sura mnaiona wenyewe. Kwa hiyo sijui.

Hapo kale, juu milimani Upare, mahali ambapo baridi huingia hadi ndani ya uji, alikuwako mwanamke jina lake Nakundwa, na mumewe Mbonea, na binti yao Namsifu, mwenye meno manne. Mwaka aliozaliwa Namsifu, Mbonea alichota udongo akaziba nyumba, mtoto asije akapigwa na baridi. Aliziba dirisha. Aliziba pembe za paa. Aliziba hata tundu la kupitisha kidole kimoja. Nyumba ikawa na joto kama kwapa.

Na mtoto akaanza kukohoa. Koho, koho, koho.

Siku moja mama yake Mbonea, Bi Nakijwa, alipanda kutoka tambarare kuja kumwona mjukuu. Alikaa, akafikicha macho, akasikiliza. Koho, koho, koho.

"Mama Namsifu," akasema, "kifua hiki sikipendi. Nitarudi siku ya soko, gulio la tatu kutoka leo. Nikimkuta bado anakohoa, nitaondoka naye, akae kwangu mpaka aote meno yote."

"Sawa, mama," akajibu Nakundwa, maana mkwe habishiwi. Lakini alimvuta mtoto kifuani. Mtoto wa meno manne akaishi mbali, mwendo wa siku nzima! Siku akirudi, atamwita nani mama?

Kesho yake, Mbonea alipokwenda shambani, Nakundwa alisimama katikati ya nyumba akauliza, "Nani anamkohoza mwanangu?"

Kuku akatoa kichwa chini ya kitanda. "Nimo, lakini si mimi peke yangu. Vumbi la manyoya ni langu. Ila ulinikaribisha mwenyewe, kicheche alipozidi kutuwinda huko nje."

Koroboi akasema kutoka kwenye msumari wake, "Nimo, lakini si mimi peke yangu. Masizi ni yangu. Ila ulinikaribisha mwenyewe, nyumba ilipokuwa giza mchana."

Kuvu mweusi wa ukutani akasema, "Nimo, lakini si mimi peke yangu. Unyevu wenu ukikosa pa kutokea, mimi ndipo ninaposhiba. Ila mlinikaribisha wenyewe, mlipoziba."

"Sasa mwingine ni nani?"

Wote wakatazama juu. Darini, chini ya paa, mnene, amejikunja kama blanketi, alikuwa Moshi.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba," akasema Moshi kwa adabu.

"Marahaba. Na wewe umeingia lini humu?"

"Siku ya moto wa kwanza baada ya nyumba kuzibwa. Ulikuwa umeinama unapuliza kuni mbichi. Nikachungulia kati ya mafiga, nawe ukasema, 'Karibu, pita ndani, hapa ni kwenu.'"

"Nilikuwa namwambia jirani. Alikuwa mlangoni."

"Jirani sikumwona. Nilisikia karibu, nikapita."

"Basi ondoka."

Moshi alishtuka hata masizi yakadondoka. "Mama, na huku ni kwetu milimani. Mgeni ataondokaje bila kusindikizwa? Mwaka mzima nangoja mtu aseme, 'Twende nikusindikize.' Kila ukipika ndugu zangu wanakuja, nao wanangoja. Tumebanana huku mpaka mimi mwenyewe nakohoa."

Nakundwa akaona haya. Mgeni mpaka adai kusindikizwa! Akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Twende nikusindikize."

Siku ya kwanza alifungua mlango, akatangulia. Moshi alishuka kidogo, akafika mlangoni, akarudi juu. Siku ya pili alishika ungo, akampepea. Moshi alizunguka nyumba mara tatu, akarudi palepale akilalamika kizunguzungu. Siku ya tatu alihamishia mafiga uani. Mvua ikanyesha, moto ukazimika, wakala viazi vya jana.

"Kwani wewe hupita wapi?" akauliza Nakundwa.

"Mama, mimi kutembea sijui. Najua kupanda tu. Njia yangu ilikuwa hapa juu ya mafiga, na mumeo ameiziba."

"Na mbona nikihama unanifuata?"

Moshi akacheka. "Hilo ni la kwangu. Sisemi."

Magulio mawili yakapita. Nakundwa akamweleza mumewe.

"Nitoboe paa?" akasema Mbonea. "Mama Namsifu, nimeziba kwa mikono hii, mtoto asipate baridi."

"Najua, ndiyo maana sikulaumu. Baridi tutaifukuza kwa blanketi. Moshi tutaufukuza kwa nini?"

Mbonea akapapasa udongo wake pale dirishani. Nakundwa hakubishana. Alisema tu, "Baba Namsifu, hebu panda darini uniletee mahindi. Chagua vizuri, usiwe na haraka."

Mbonea akapanda. Kichwa kikaingia kwenye weusi.

"Shikamoo, baba," ikasema sauti. "Umekuja kunisindikiza?"

Koho, koho, koho. Mbonea alishuka bila mahindi, machozi mpaka kidevuni. "Mgeni wenu ana adabu sana," akasema alipopata pumzi. "Nipe panga."

Alitoboa paa juu ya mafiga, akaweka kijipaa kidogo juu ya tundu ili mvua isiingie. Akafungua dirisha, akalitengenezea ubao wa kulifunga baridi ikizidi. Moshi akajikunjua, akapanda, ndugu zake nyuma. "Asanteni kwa kunisindikiza," akasema. Namsifu akampungia mkono.

Gulio la tatu Bi Nakijwa akafika, na kapu la kumbebea mjukuu nguo. Akakaa. Akafikicha macho kwa mazoea, yakawa makavu. Akasikiliza. Kimya. Mtoto alimvuta pua, akacheka.

"Mmeninyima mjukuu," akasema Bi Nakijwa, na alikuwa anatabasamu.

Wakakaa, wakaamua. Kuku ajengewe banda nje. Bi Nakijwa alilisuka mwenyewe kwa fito, kabla hajashuka. Koroboi asiwashwe mchana, maana dirisha linatosha. Kuvu aachiwe jua. Kuni zianikwe mpaka zikauke. Kazi hiyo aliichukua Nakundwa. Na kila moto unapowashwa, dirisha lifunguliwe, mgeni asindikizwe. Kazi hiyo alipewa aliyeliziba. Kila asubuhi, baridi iume isiume, Mbonea alisimama pale na blanketi begani, akasukuma ubao, akasema, "Twende nikusindikize."

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tundu la paa. Anayetaka kuifuata zaidi, na apande.