Shati la Mninga

Hapo zamani, na msiniulize lini, shimo la machimbo liliporomoka likawafukia wanaume wawili: Lukanga, mwana wa Bi Somoe, na Nandule, mwana wa Mzee Chihako mchonga vinyago. Miili haikupatikana.

Kwao, asiyepatikana huzikiwa nguo yake ya kila siku. Isipozikwa, matanga hayaanuliwi, na mjane hashiki jembe mpaka matanga yaanuliwe. Lakini maskini ana mashati mangapi? Lukanga alikuwa nalo moja, akashuka nalo shimoni; Nandule vivyo hivyo.

Bi Somoe akamwendea Mzee Chihako. "Nichongee shati la mwanangu."

Mzee alikuwa na gogo moja la mninga, alilojiwekea la jeneza lake. Akalipasua hilo.

Bi Somoe akasema, "Kola ilijikunja kushoto." Mzee akaikunja. Tabia, mke wa Lukanga, akasema, "Kiwikoni nilitia kiraka, mishono ikaenda upande." Akaipinda mishono kwa patasi. Likatoka shati kweli. Ungelikuta msumarini ungelichukua ukalifue.

Ubaya ukaanzia hapo. Lingekuwa baya, lingezikwa bila maneno.

Kaburini Bi Somoe akalikumbatia. "Halizikwi! Uso wake sina, sauti yake sina, nina bega hili tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Tabia akalia. "Mama, nami nakipenda kiraka hicho, nilikishona kwa mkono wangu. Lakini mvua ya kupandia ndiyo hii. Nisiposhika jembe, wajukuu wako watakula nini? Lizikwe."

Mzee Chihako akapiga magoti kwenye udongo, mzee mzima. "Nami si mzazi? Nandule wangu yumo shimo lile lile. Nimejaribu kumchongea, shati lake silikumbuki. Kila jioni alikaa mbele yangu, nami macho kwenye kinyago. Gogo ni langu. Vijana hawa walikuwa wakibadilishana mashati, atalitambua. Mzikieni Nandule."

Na wewe unayetaka kusema wote wawili wazikiwe hilo hilo, nyamaza: kwao shati moja, mtu mmoja. Tena kaburi lililochimbwa halilali wazi. Likilala, hutafuta mwingine, na jua lilikuwa limeshagusa kilima.

Wachimba kaburi wameegemea majembe, hawatazamani. Msinitazame mimi. Bi Somoe hajaliachia, Tabia kashika mkono wa shati, mzee bado yuko magotini. Je, nani alistahili kupewa?