Mbegu Nayo Huzeeka

"Bibi, kwa nini bwana harusi mwenye mvi huambiwa, 'Mbegu nayo huzeeka'? Ni tusi?" vijana walimuuliza Bibi Naghenjwa baada ya kuusikia msemo huo kwenye posa.

"Kama ni tusi, mimi mwenyewe sijaamua. Methali hiyo ilianza hivi."

Huko Upareni, Mzee Senkoro ndiye aliyekuwa mpimaji wa mbegu. Kabla ya vuli, kila kaya ilimpelekea punje kumi za mahindi, naye akazifunga katika kitambaa kibichi. Zikiota chini ya saba, mbegu ile haikupandwa.

Mkewe alifariki akimwachia binti mmoja, Eliwaza. Akiwa na miaka sitini na miwili, Senkoro alimwoa Nangasu. Miaka mitano ilipita bila mimba. Daktari aliwaita wote wawili. Nangasu alikwenda peke yake, mara tatu, asionekane na kasoro.

"Mimi nipimwe nini?" Senkoro alifoka. "Eliwaza alitoka wapi?"

Asubuhi moja jirani yao, Mrutu, aliambiwa kuwa punje zake mbili tu ndizo zilizoota.

"Lakini Mzee, mbegu hii ilinijazia ghala miaka tisa iliyopita!"

"Wakati huo ilikuwa kijana," Senkoro alicheka. "Mbegu nayo huzeeka. Shamba usilisingizie."

Nangasu alikuwa kando akipukuchua mahindi. "Na wewe, Baba Eliwaza, utafungwa kitambaani lini?"

Mrutu alicheka hadi akashika mbavu. Kicheko kile kilimchoma Senkoro. Kesho yake alimrudisha Nangasu kwao, akamwita mgumba mbele ya wazazi wake.

Lakini maneno yake mwenyewe yalimkosesha raha. Miezi minane baadaye alijipeleka hospitali.

"Mbegu zako ni chache, na nyingi hazina mwendo," daktari alimweleza. "Si wazee wote huwa hivi, lakini umri hupunguza. Mngekuja pamoja mapema, huenda tungewasaidia."

Alikwenda ukweni, akakiri yote. Nangasu alimsikiliza hadi mwisho.

"Radhi nimekupa. Kurudi, sirudi. Jina uliloniachia hapa, watoto wa jirani wananiitia."

Senkoro alitamani kumsihi, akaona hana haki hiyo. Alisimama, akawageukia wakwe zake.

"Mgumba hakuwa huyu. Nitapita kila kaya iliyosikia uongo wangu, niukanushe kwa kinywa changu. Na atakayetaka kumrudisha mkewe kwao, nitamwambia akapimwe yeye kwanza. Mbegu nayo huzeeka."