Kwa Nini Mgeni Husindikizwa Hadi Mtoni

Mnanung'unika kwamba nimemsindikiza mgeni mpaka uji wenu umepoa. Haya, kaeni niwaambie, maana hata mimi niliwahi kumnung'unikia shangazi yangu hivyo hivyo.

Zamani sana, njia za milima hii hazikutulia. Zilielea pamoja na ukungu, na kila njia ilizijua nyayo za mwenye nyumba yake tu. Mgeni aliondoka jua likiwaka. Ukungu ukimkuta njiani, basi tena.

Huku aliishi Nakijwa, na mdogo wake, Nambua, aliolewa ng'ambo ya mto. Walikuwa wamenuniana tangu mama yao afariki, kisa chungu alichoacha. Chungu chenyewe kilikuwa na ufa, lakini ndugu wakitaka kugombana hawakosi sababu.

Siku moja Nambua alikuja. Alikaa, akanywa maji, akazungumzia mvua, kisha akaaga. Nakijwa alikuwa akikoroga maharage na hakuinua hata macho.

"Njia unaijua," alisema.

Ukungu ukashuka. Nakijwa akaendelea kukoroga mpaka maharage yakaungulia ndani ya chungu kile kile, na harufu ile ikamkumbusha mama yao. Hapo akaukumbuka ukungu. Akatupa mwiko, akatoka.

Njia ilimpeleka, kwa kuwa ilimjua. Alimkuta Nambua ameketi nyasini analia, njia imejikunja mbele ya miguu yake kama mkeka.

"Dada, nilikuja kukuambia nina mimba," alisema. "Mle ndani nikashindwa."

Nakijwa alimshika mkono, wakaenda polepole. Walizungumza habari za mama, za chungu, na za jina atakalopewa mtoto. Njia ilikuwa haijawahi kusikia watu wawili wakizungumza huku wakiipita, nayo ikajinyoosha, ikatulia ili isikie mwisho wa maneno. Walipofika mtoni, Nakijwa alisimama. Njia ya ng'ambo ilimjua Nambua.

Na tangu siku hiyo njia zetu hazihami, na mgeni hatumwambii kwamba njia anaijua. Tunamsindikiza hadi mtoni, na yale yaliyoshindikana kusemwa ndani husemwa huko.

Yule niliyemsindikiza leo ni dada yangu. Miaka minne hatukusemezana. Tulifika mtoni, tukarudi nusu ya njia, tukaenda tena mtoni.

Uji wenu pasheni moto.