Pimbi Amfundisha Kiboko Kuonja Biri

Hadithi iko mlangoni.
Ifungulieni!
Ina njaa.
Ilisheni!
Itakula nini?
Masikio yetu!

Haya, yategeni hayo masikio.

Hapo kale wanyama walilima tumbaku. Waliipanda, wakaipalilia, wakaianika ndani ya mabani, yale mabanda ya kukaushia, mpaka majani yakawa ya kahawia. Kisha waliipeleka gulioni kando ya mto, wakabadilishana na ndege kwa mtama. Ndege walikuwa na mtama mwingi, na msiniulize waliupata wapi.

Lakini mzigo haukubadilishwa hivi hivi. Palikuwa na mteuzi, wa kuonja tumbaku na kusema ipi nzuri na ipi mbovu. Mteuzi huyo alikuwa Kiboko. Hakuna aliyemchagua. Siku moja alikalia kiti, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwinua, akabaki hapo.

Desturi ya gulio ilikuwa hivi. Mkulima anachukua majani ya mzigo wake, anayasokota ndani ya jani jingine la tumbaku, anapata biri nene kama kidole gumba. Mteuzi anaivuta, fu, fu, fu. Majivu yakianguka kabla mteuzi hajasema neno, mzigo umepita. Akisema ni mbovu kabla majivu hayajaanguka, mzigo unabaki kwake ukachomwe moto.

Na Kiboko alikuwa mwepesi wa kusema. Biri ya Kanga, fu, fu.

"Inanuka udongo. Mbovu."

Mzigo ukabaki. Biri ya Kakakuona, fu, fu.

"Inanuka ngozi. Mbovu."

Mzigo ukabaki. Biri ya Digidigi, fu, fu.

"Inawasha pua kama pilipili. Mbovu."

Digidigi akalalamika kwamba tumbaku yake ni nzuri, na kwamba hata mwaka jana aliambiwa hivyo hivyo. Kiboko hakubishana naye. Alisogeza mguu mmoja tu, na Digidigi akarudi nyumbani akichechemea.

Sasa, juu ya mawe aliishi Pimbi na wanawe. Pimbi ni mnyama mdogo, ukimkwapata anaenea. Mwaka ule alilima peke yake, mtoto mmoja mgongoni, wengine wakimfuata kwenye matuta na kung'oa miche badala ya magugu. Masika yalikuwa yanakaribia, na pangoni hapakuwa na punje ya nafaka. Mzigo wake ukibaki kwa Kiboko, watoto watashinda na njaa mpaka mvua ziishe. Pimbi aliutazama mzigo, akawatazama wanawe, akajisemea moyoni: mzigo wangu siutoi.

Alipokuwa akichuma majani karibu na mto, akapita nyuma ya bani la Kiboko, akachungulia kwenye ufa. Alichokiona kilimfanya asimame. Mizigo yote iliyoitwa mibovu ilikuwemo, imepangwa vizuri, haijachomwa hata mmoja. Na Kiboko alikuwa amelala chali, anavuta biri ya Kanga, macho ameyafumba.

"Udongo huu," alikuwa akinong'ona kwa raha, "kama ukingo wa mto baada ya mvua."

Pimbi akarudi nyuma polepole. Akaenda moja kwa moja kwa Korongo, ndege anayesafiri nchi za mbali na kurudi, akamwuliza wavutaji wa biri wa huko husema nini. Korongo akamweleza kwamba huko wavutaji huketi vitini, wakataja udongo, ngozi, mbao, hata zizi la ng'ombe, na yote hayo ni sifa. Si kwamba ndani ya biri mna kipande cha kiatu. Moshi unawakumbusha tu kitu walichowahi kukinusa.

"Mama Pimbi, wewe ukimnusa mwanao utosini, si husema ananukia maziwa?" Korongo akamwuliza. "Je, umemmwagia maziwa kichwani?"

Pimbi akacheka. Korongo akaendelea kumfafanulia. Pilipili ni ule mwasho moshi unapopitia puani. Wakisema biri ina mwili, wanamaanisha moshi wake ni mzito kinywani, kama uji mzito ulivyo tofauti na uji mwepesi. Na sifa inayowafanya wafumbe macho ni mwisho mrefu. Moshi haumezwi, unakaa kinywani kidogo, unatolewa. Sasa, kama moshi umeshakwenda zake na ladha bado imeng'ang'ania ulimini, hiyo biri ina mwisho mrefu.

Pimbi akashukuru, akaondoka akifikiri. Kwa maneno hayo angeweza kumshinda Kiboko kwa hoja. Lakini Digidigi naye alikuwa na hoja, na bado alikuwa anachechemea. Mzigo wangu siutoi, Pimbi akajisemea tena, akateremka mtoni.

"Shikamoo, Bwana Mteuzi."

"Marahaba, panya wa mawe. Umeleta mzigo?"

"Mzigo nitauleta siku ya gulio. Leo nimeleta habari."

Akamweleza kwamba nchi za mbali mteuzi mkubwa hapewi mizigo mibovu tu. Masikio ya Kiboko yakachezacheza.

"Na mizuri pia?"

"Na mizuri pia, bwana. Ila lazima aonje kama wanavyoonja wakubwa, mbele ya gulio zima. Akitaja udongo, awe ameula udongo. Akitaja ngozi, awe ameitafuna."

"Udongo naujua. Nimezaliwa ndani yake."

"Basi umeshafika nusu ya safari. Imebaki ngozi, na pilipili."

"Pilipili ngapi?"

"Mteuzi mdogo, moja. Mteuzi wa kati, konzi. Mteuzi mkubwa…"

"Lete kapu," Kiboko akasema.

Kisha Pimbi akamweleza habari ya mwisho mrefu, kwa namna yake mwenyewe. Alimwambia kwamba mteuzi mkubwa akishavuta, hufunga kinywa na kuitunza ladha mpaka iishe yenyewe. Anayefungua mapema, kiti si chake. Kiboko akacheka mpaka maji yakapiga ukingo, akasema kwamba yeye hukaa chini ya maji mpaka samaki wanamlilia msiba.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," Pimbi akasema.

Siku ya gulio ikafika. Kiboko akaja akitafuna ngozi kuukuu, kwatu, kwatu, kwatu. Akakaa kitini. Pimbi akamletea kapu la pilipili, naye akalimimina lote kinywani, akatafuna mbele ya watu. Kisha Pimbi akaiwasha biri yake na kumpa. Watoto walikuwa wameketi juu ya mzigo, wameushika kwa mikono yote.

Fu. Kiboko akafunga kinywa.

Jasho likamtoka. Macho yakawa mekundu. Mkia ukaanza kuzunguka wenyewe. Pimbi akawaambia wakulima waziwashe na zao. Midomo ya Kiboko ni mipana. Biri za Kanga, Kakakuona, Digidigi na wengine wote zikapangwa pale kama meno, zikafuka kwa pamoja.

"Mmm," Kiboko akasema, akitikisa kichwa. "Mmm, mmm."

"Anasemaje?" Digidigi akauliza.

"Anasema ladha bado haijaisha."

Kiboko akatikisa kichwa kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyotikisa ndivyo majivu yalivyoanguka. Pu, ya Pimbi. Pu, ya Kanga. Pu, pu, pu, za wengine. Hakuna neno lililokuwa limesemwa. Mizigo yote ikapita, na ndege wakaanza kupima mtama.

Ndipo Kiboko akashindwa. Pwaaa! Biri zikaruka huku na huku, naye akakimbia, vishindo vikamfuata mpaka mtoni. Chubwi!

Alipoibuka, gulio lilikuwa limekwisha. Wanyama walikuwa wamefungua bani lake, na kila mmoja ameshachukua mzigo wake wa zamani. Pimbi alikuwa anapanda kwenda mawe yake, mtama kichwani, watoto wakigombania punje zilizodondoka.

"Pimbi," Kiboko akaita kwa sauti iliyokauka. "Sasa mimi ni mteuzi mkubwa?"

"Ladha imeisha, bwana?"

"Bado inawaka."

"Basi hakuna aliyewahi kupata mwisho mrefu kama wako. Kaa hapo hapo, usitoke mpaka uishe."

Kiboko akaridhika sana. Mpaka leo amekaa majini, na kila mara anapanua kinywa chake chote ili upepo upite. Watu husema anapiga miayo.

Na fundisho la ngano hii, watoto wazuri, ni kwamba mdogo amheshimu mkubwa, amfundishe kila analolijua, wala asimnyime kitu, hata pilipili.

Hadithi imeshiba, inasinzia. Aliye na yake na ailaze kando yake.